Bunduki ya Terminator Haikulia Hivyo

Krismasi iliyopita nilitaka kumfurahisha anko wangu. Yeye ndiye alikuwa mtu wa muvi kwa familia yetu enzi za deki, ile miaka ya kukodisha kaseti dukani leo na kuirudisha kesho kabla hujatozwa faini. Nikamwekea The Terminator ya 1984. Blu-ray safi, TV kubwa, spika tano zimezunguka sebule, sabufa chini ya meza. Nikajua lazima ashtuke.

Akashtuka kweli, lakini si vile nilitarajia. Tulipofika ile sini ya klabu ya Tech Noir, risasi zikaanza, akaweka kikombe cha chai chini na kuniangalia. "Hii si Terminator," akasema. "Bunduki haikuwa inalia hivi."

Nikacheka. Nikamwambia, Anko, wewe ulikuwa unaangalia kwa TV ya kichogo na spika moja, lazima ilikuwa inasikika tofauti. Akakataa kabisa. Akasema si mambo ya spika. Ati mlio wenyewe ni mwingine. Mwenye bunduki ni yule yule, sura ni ile ile, lakini mlio umetolewa mahali pengine.

Usiku huo nikaingia mtandaoni kutafuta ushahidi kwamba anko amezeeka. Saa tisa usiku nilikuwa bado macho, na nilikuwa nimegundua kwamba aliyekosea ni mimi.

Kumbe ni hivi. The Terminator ilitengenezwa kwa pesa kidogo, kama dola milioni 6.4, na ilipotoka Oktoba 1984 sauti yake ilikuwa mono. Mono maana yake sauti yote imebanwa kwenye mkondo mmoja: mazungumzo, muziki, risasi, magari, yote yanatoka mahali pamoja mbele yako. Hivyo ndivyo James Cameron na timu yake walivyoimaliza, na hivyo ndivyo dunia ilivyoisikia sinemani, na baadaye kwenye kaseti za VHS. Halafu DVD zikaja. Watu wakaanza kununua seti za spika tano na sabufa, na hakuna kampuni ilitaka kuandika neno "mono" kwa boksi ya muvi ya roboti. Kwa hivyo toleo la DVD la 2001 likaja na sauti iliyochanganywa upya ya mikondo sita, ile wanaita 5.1, na katika kuichanganya wakabadilisha milio. Bunduki zikapewa milio mipya, mizito, ya kisasa. DVD hiyo angalau ilikuwa bado na ile mono pembeni. Blu-ray zilizofuata zikaitupa kabisa. Kwa miaka mingi, mtu aliyenunua muvi hii kihalali, kwa ubora wa juu kabisa uliokuwa sokoni, hakuweza kusikia kitu ambacho watazamaji wa 1984 walisikia.

Anko alikuwa anakumbuka sawasawa. Miaka mingi bila kuiona, na sikio lake bado lilijua.

Mnaweza kusema, si ni mlio tu wa bunduki, kuna haja gani. Nilikuwa upande wenu mpaka nikaanza kusoma jinsi sauti ya muvi hii ilitengenezwa. Muziki wake ni wa Brad Fiedel, na ule mdundo wa chuma unaousikia mwanzoni, ule unakufanya uhisi kuna kitu kinakufuata, alipata kwa kugonga kikaango cha chuma na maikrofoni. Kikaango cha jikoni, manze. Na mdundo wenyewe una kasoro ya ajabu: alikuwa anatumia mashine za sinthesaiza ambazo hazikuwa zimeunganishwa kama za siku hizi, akakata mzunguko kwa mkono, ukakatika mapema kidogo, ukajirudia hivyo hivyo ukiwa umechechemea. Akaupenda, akauacha. Muvi nzima ni kazi ya watu wasiokuwa na pesa wanaotumia kilichopo. Ukivaa juu yake milio ya bunduki ya studio tajiri ya miaka kumi na saba baadaye, umechukua kitu kilichokuwa kimoja ukakifanya viwili. Picha ni ya 1984, sauti ni ya 2001, na hakuna aliyekuambia.

Sasa, ile mono ilikuwa imekaa wapi miaka yote hiyo? Ilikuwa kwa vitu ambavyo wazazi wetu walitupa.

VHS mnaijua, hata kama ni kwa kuona tu juu ya kabati ya shosho. Ilitoka Japani 1976, na kwa miaka zaidi ya ishirini ndiyo ilikuwa muvi nyumbani. Lakini kwa sauti, VHS ya kawaida ni kitu dhaifu sana. Sauti yake imeandikwa kwa mstari mwembamba kwenye ukingo wa utepe, na utepe wenyewe unatembea polepole mno. Kwa mfumo wa PAL, ambao ndio ulitumika Kenya, ni sentimita 2.339 kwa sekunde. Kaseti ya kawaida ya muziki, ile ya redio, inatembea sentimita 4.76. Yaani sauti ya muvi kwa VHS ilikuwa inapata nusu ya nafasi ambayo kaseti ya gospeli ya mamako ilikuwa inapata. Ndiyo maana inavuma, ndiyo maana "s" zinapotea. Baadaye, miaka ya themanini, wakaleta VHS Hi-Fi inayoandika sauti kwa vichwa vinavyozunguka pamoja na picha, na hiyo ilikuwa moto, lakini deki nyingi za bei ya chini hazikuwa nayo.

Na kuna kitu kingine kuhusu PAL ambacho kilinifanya nirudi kwa anko na kumnyima ushindi kamili. Muvi inapigwa fremu 24 kwa sekunde. TV ya PAL inataka 25. Suluhisho lao lilikuwa rahisi hadi aibu: ikimbize tu. Kwa hivyo kaseti za PAL zilikuwa zinaenda haraka kwa asilimia 4. The Terminator ya dakika 107 inaisha kwa karibu 103, na kila sauti ndani yake inapanda juu kidogo, karibu nusu noti. Wazee wetu wote walimsikia Arnold Schwarzenegger akiwa na sauti nyembamba kidogo kuliko yake. Nikamwambia anko hivyo. Akanyamaza, halafu akasema, "Lakini bunduki ilikuwa ile ile." Ni kweli.

Kitu ambacho kiliokoa sauti hizi vizuri zaidi ni kingine, na mimi sijawahi kukishika kwa mikono yangu. Kinaitwa LaserDisc. Fikiria CD lakini kubwa kama santuri ya LP, sentimita 30, inang'aa pande zote mbili. Ilianza kuuzwa Marekani Desemba 1978, pale Atlanta, na muvi ya kwanza kuuzwa ilikuwa Jaws. Ilikuwa ghali, nzito, hukuweza kurekodi juu yake, na upande mmoja ulibeba saa moja tu, kwa hivyo katikati ya muvi unasimama kugeuza diski kama chapati. Watu wengi wakachagua VHS. Lakini LaserDisc ilikuwa na siri. Picha yake ilikuwa ya analogi, ila kuanzia katikati ya miaka ya themanini diski nyingi zilibeba pia sauti ya dijitali isiyobanwa, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16. Hiyo ni sauti ya CD. Na kwa kuwa wakati huo hakuna mtu alikuwa ameanza wazimu wa kubadilisha milio ili spika za nyuma zipate kazi, diski nyingi zilibeba mchanganyo wa sinemani jinsi ulivyokuwa.

Kwa hivyo kuna watu, wengi wao Marekani na Ulaya, wanaonunua hizi diski za zamani si kwa ajili ya picha. Picha ni mbaya siku hizi, hata simu yako inaishinda. Wanataka sauti. Wanachukua mashine yenye tundu la kutoa sauti ya dijitali, wanapeleka biti zile zile kwa kompyuta bila kuzigusa, wanaunganisha upande wa kwanza na wa pili, halafu wanaanza kazi ya kuchosha roho: kuilinganisha na picha ya Blu-ray, fremu kwa fremu. Pale diski ilipogeuzwa kunaweza kuwa na kipande cha sekunde kimepotea au kimejirudia. Pale filamu ya zamani ilikatika na kuunganishwa, fremu mbili hazipo. Ukikosea kidogo, kufikia mwisho wa muvi midomo inafunguka baada ya maneno, kama zile soap za Kifilipino tulizokua nazo.

Wengine wameenda mbali zaidi. Kuna kifaa kinaitwa Domesday Duplicator na programu inaitwa ld-decode, ambavyo havingoji mashine ikupe picha na sauti. Vinachukua ishara ghafi kutoka kwa leza yenyewe, kabla mashine haijaitafsiri, na kuihifadhi yote. Tafsiri inafanywa baadaye na kompyuta. Wakiwa na nakala kadhaa za diski moja, wanaweza kuziweka pamoja ili mahali nakala moja ina mkwaruzo, nyingine ijaze. Na wanafanya bure, usiku, baada ya kazi zao za mchana. Mimi nikikosa usingizi huwa naangalia tu rili.

Haraka yao ina sababu. Gundi inayoshikanisha pande mbili za LaserDisc huharibika kwa baadhi ya diski, hewa inaingia, alumini inaoza, na picha inajaa madoadoa kama inanyeshewa. Wanaita kuoza kwa diski, na ikianza hairudi nyuma. Pioneer, waliokuwa wakubwa wa mashine hizo, waliacha kuzitengeneza 2009. Kwa upande wa VHS, kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho iliyokuwa bado inaunda deki, ilifunga kazi hiyo Julai 2016. Kila deki iliyobaki duniani sasa inatumia spea za deki nyingine iliyokufa.

Terminator si peke yake. Ile Jaws yenyewe, LaserDisc ya kwanza, ilishinda Oscar ya sauti. Sauti iliyoshinda ilikuwa mono. DVD ya 2000 ikatoka bila hiyo mono, imewekewa 5.1 yenye milio iliyobadilishwa. Watu wakalalamika mpaka toleo la 2005 likairudisha. Yaani unatoa tuzo kwa kitu, halafu unakiuza bila kile kilichopewa tuzo.

Lakini kisa kinachoniuma zaidi ni cha Star Wars, kwa sababu pale hata neno "asili" linakuwa gumu. Ilitoka tarehe 25 Mei 1977, kwa kumbi 32 tu siku ya kwanza. Na haikuwa na sauti moja, ilikuwa na tatu. Kumbi kubwa zenye filamu ya milimita 70 zilipata mchanganyo wa mikondo sita. Kumbi za milimita 35 zenye vifaa vya Dolby zilipata stereo. Halafu kumbi za kawaida, za mitaani, zenye spika moja nyuma ya pazia, zilitengenezewa mono. Ile mono ndiyo ilimaliziwa mwisho, kwa hivyo Ben Burtt, fundi wa sauti aliyebuni milio ya muvi hiyo, na wenzake walipata muda wa kuongeza vitu. Kuna maelezo ya C-3PO kuhusu jinsi ya kuzima mtambo unaoshikilia meli yao, ambayo kwa mono yapo na kwa stereo hayapo. Kuna amri ya askari kuhusu kufunga milango. Sauti ya Aunt Beru ni ya mtu mwingine kabisa. Kumbuka nani alisikia hii: watu wa kumbi za bei rahisi. Wenye tiketi ya chini ndio walipata muvi iliyokamilika zaidi, na hiyo ndiyo haijawahi kuuzwa rasmi. Si kwa kaseti, si kwa diski, si kwa Blu-ray.

Iliyopo leo ipo kwa sababu mashabiki waliitafuta na kuitoa kwa vipande, zikiwemo kaseti ambazo watu walirekodi nyumbani muvi ilipopita kwenye TV. Mtu alibonyeza tu kitufe chekundu ili aiangalie tena wikendi. Hakujua anafanya kazi ya makumbusho.

Mnajua yaliyofuata. 1997 George Lucas akatoa toleo jipya lenye viumbe vya kompyuta, na lile la zamani likaanza kufichwa. Mashabiki walipopiga kelele ya kutosha, 2006 likatolewa kama nyongeza kwa DVD. Na unajua studio yenye pesa zote hizo ililitoa wapi? Kwa masta iliyotengenezwa kwa ajili ya LaserDisc ya 1993. Hata wao wenyewe walilazimika kurudi kwa diski ya chapati. Sasa Lucasfilm imetangaza kwamba muvi ya 1977 itarudi sinema 2027 ikiwa imesafishwa upya bila yale mapambo. Nitaenda, hata kama tiketi itanila fare ya wiki. Picha sina wasiwasi nayo. Nataka kusikia ni sauti gani kati ya zile tatu.

Wacha niseme upande wa studio pia, kwa sababu si wote ni waovu. Sauti ya muvi huhifadhiwa kwa mafungu: mazungumzo peke yake, muziki peke yake, milio peke yake. Ukitaka kuisambaza kwa spika tano unahitaji mafungu hayo. Yakiwa yamepotea, ama yameharibika, fundi anabaki na mono iliyoshikana kama ugali, na huwezi kurudisha ugali ukawa unga. Kwa hivyo anatafuta milio mipya. Naelewa. Kile sielewi ni kwa nini ile mono isiwekwe hapo kando. Nimepiga hesabu. Mono ya dakika 107 kwa kiwango cha kilobiti 192 kwa sekunde ni karibu megabaiti 154. Blu-ray ya tabaka mbili inabeba gigabaiti 50. Tunaongea kuhusu sehemu ndogo kuliko asilimia moja ya diski. Ni ile menyu yenye moto na mafuvu ndiyo inakula nafasi. Na wakitaka wanaweza: toleo la 4K la The Terminator la 2024 limerudisha mono. Ilichukua miaka mingi ya wasee kusumbua.

Kisheria, wanaosambaza sauti hizi bila ruhusa ya wenye muvi wanavunja hakimiliki, hata kama wanawaambia watu wanunue Blu-ray kwanza. Sitajifanya sioni hilo. Lakini pia siwezi kujifanya sioni kwamba, kwa baadhi ya muvi hizi, mtu pekee aliyekuwa anashughulika na sauti halisi alikuwa huyo mvunja sheria.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu hapa ndipo mambo yalianza kuniwasha.

Wengi wetu hatukukutana na Jackie Chan kwa Kikantoni. Tulikutana naye kwa kibanda cha video, benchi la mbao, pazia jeusi, na DJ Afro juu yake akitusimulia. Sauti ya muvi ilishushwa, sauti yake ikapanda, na ghafla yule Mchina ana jina la mtaani na deni la duka. Muvi za Hong Kong za miaka ya sabini na themanini zilikuwa tayari kwa hilo, ukifikiria. Zilipigwa bila sauti, waigizaji wakaongelewa baadaye studioni. Sauti ilikuwa kitu kinachobandikwa tangu mwanzo. Kisha Wamarekani nao wakabandika yao. Drunken Master II ya 1994 ilipopelekwa Marekani mwaka wa 2000 ilibadilishwa jina, Kikantoni kikatolewa chote, muziki ukatungwa upya, na mwisho wake ukakatwa. Mashabiki walioitaka ile yenyewe walirudi kwa diski na kaseti za Hong Kong.

Hata zile VCD tulizokuwa tunanunua River Road na mitumba ya barabarani zilikuwa na maajabu yake. VCD nyingi za Hong Kong ziliweka Kikantoni kwa spika ya kushoto na Kimandarini kwa spika ya kulia. Ukiacha zote mbili zinafanya kazi, kila mtu anaongea mara mbili kwa pamoja. Tulidhani ndivyo Kichina kilivyo! Binamu yangu ndiye aligundua ukichomoa waya mmoja watu wananyamaza nusu. Kumbe alikuwa anachagua lugha, na hatukujua.

Kwa hivyo nikiuliza sauti ya asili ya muvi fulani ya Jackie Chan ni ipi, mtu wa Hong Kong ana jibu lake. Mimi nina la kwangu, na la kwangu lina Kiswahili cha mtaani ndani. Sisemi ni sawa. Cha Hong Kong ndicho cha waliotengeneza, na kinastahili kulindwa kwanza. Lakini kile cha kwetu pia kilikuwa sauti iliyosikiwa na watu wengi sana katika ukumbi, ambayo ndiyo maana yote ya sauti ya muvi. Na ipo wapi? Ile ya kibanda cha mtaa wenu, ya 2004, yenye muvi yote kutoka mwanzo hadi mwisho? Kwa mtandao utapata vipande. Nyingine zilikuwa kwa CD za kuchoma nyumbani, zile za chini rangi ya buluu au kijani, na ile rangi yenyewe ndiyo imeshika data. Jua, joto na miaka vinaiua. Ukiziacha kwa dirisha huhitaji hata mkwaruzo.

Watu wa LaserDisc wana kitu ambacho sisi hatuna, na si pesa. Ni kwamba waliamini mapema kuwa takataka zao zina thamani.

Februari nikarudi kwa anko. Deki yake ilikuwa stoo, chini ya godoro la zamani. Fundi mmoja mtaani kwetu akabadilisha mshipi wa mpira uliokuwa umegeuka lami, akasafisha vichwa na spiriti, akanitoza mia nane na kunionya kwamba nikiweka kaseti yenye kuvu nitarudi kwake kesho. Kaseti kumi na moja. Tatu zilikuwa na kuvu nyeupe, hizo tumeziweka kando mpaka nijifunze kuzisafisha. The Terminator ilikuwepo, nakala ya nakala, jina limeandikwa kwa kalamu ya mkono na herufi moja imekosewa.

Nikaunganisha zile waya tatu, njano, nyeupe na nyekundu, kwa kifaa cha kunasa cha kuazima, nikarekodi yote bila kugusa kitu. Kuna rafiki yangu aliniambia niipitishe kwa AI isafishe mvumo. Nilijaribu kwa nakala ya pili, na ikasafisha kweli, ikala mvumo, ikala mvua, ikala na pumzi za waigizaji. Nimehifadhi ile chafu. Usafi unaweza kufanywa siku yoyote, lakini kaseti haitapigwa mara nyingi zaidi ya hapa.

Halafu nikapunguza kasi kwa asilimia 4, ili sauti irudi mahali pake, nikailinganisha na picha ya Blu-ray kwa programu ya bure. Ilinichukua wiki mbili na bado sini ya kituo cha polisi inateleza kidogo. Sauti yenyewe ni mbaya. Inavuma, inayumba, dakika ya sitini na kitu inapotea sekunde nzima kwa sababu mtu aliwahi kusimamisha deki hapo mara nyingi. Anko anasema anajua ni nani, ila hataki kutaja jina kwa sababu sasa ni mchungaji.

Nikamwekea tena Tech Noir. Bila sabufa, bila spika za nyuma, moja tu ya mbele. Bunduki ikalia: kavu, fupi, karibu kama ubao unavunjika. Hakusema kitu. Akanyoosha mkono, akaomba rimoti, akarudisha nyuma sekunde kumi.